Farasi wa Kwanza: Bei ni Moja, Matunzo ni Kila Siku
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa ukoo, Johannesburg



Kamati imenitaka nizungumzie ombi lililo mbele yetu. Binti yetu wa hapa Johannesburg, mwenye umri wa miaka 14, amejifunza kupanda farasi kwa miaka mitatu huko Kyalami, na sasa anaomba farasi wake mwenyewe. Jamaa wa Muscat, London na Dar es Salaam wamekwisha kuahidi kuchangia bei. Sikusimama kupinga wala kushabikia. Nimesimama kuonyesha hesabu, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika utumishi wa serikali tulikuwa tukigawa makadirio katika mafungu mawili: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Fungu la maendeleo hujenga zahanati; fungu la kawaida hununua dawa na kumlipa muuguzi. Zahanati hufunguliwa kwa ngoma na hotuba, lakini dawa hazipigiwi ngoma. Kumnunua farasi ni maendeleo. Kumtunza ni matumizi ya kawaida, na farasi aweza kuishi miaka 25 hadi 30. Michango yote iliyoahidiwa hadi leo ni ya fungu la kwanza.

Tuanze na lishe. Farasi mwenye uzito wa kilo 450 huhitaji kwa siku chakula kikavu kipatacho asilimia 2 ya uzito wake. Hizo ni kilo 9 kwa siku, kilo 270 kwa mwezi, na zaidi ya tani 3 kwa mwaka. Mji huu uko juu sana, mvua zake ni za kiangazi, na kati ya Juni na Agosti malisho hukauka yakabaki makapi. Miezi hiyo farasi hutegemea majani makavu ya kununua, na ndipo bei yake hupanda. Mwenye ghala kavu hununua mapema, majani yanapovunwa. Kwa hiyo bajeti ya Julai isipangwe kwa kipimo cha Januari.

La pili ni makazi. Sisi hatuna shamba, basi farasi atalala katika banda la kulipia. Kabla ya kutia sahihi, tuulize: je, ada hiyo inajumuisha majani, matandiko ya kulalia, na ujira wa saisi, yaani mtunza farasi? Mabanda mawili yanayotoza ada moja yaweza kuwa na gharama mbili tofauti kabisa.

La tatu ni mwili wake. Fundi wa kwato huja kila baada ya wiki 6 hadi 8, hata kama farasi havai viatu vya chuma. Meno hukaguliwa walau mara moja kwa mwaka. Kuna dawa za minyoo, tandiko linaloukaa vizuri mgongo wake, hatamu, na kofia ngumu ya mpandaji, ambayo hubadilishwa ikishapata pigo kubwa.

La nne ni maradhi, na hapa Afrika Kusini kuna moja lisilosahaulika: homa ya farasi ya Afrika. Huletwa na virusi vinavyoenezwa na visubi wadogo wanaouma hasa kuanzia magharibi hadi alfajiri, na farasi asiye na kinga mara nyingi hafi peke yake. Katika mlipuko wa 1854 na 1855 huko Rasini, farasi wapatao 70,000 waliangamia. Hatari huzidi mwishoni mwa kiangazi na hupungua baridi kali ya kwanza ikianguka. Chanjo hutolewa kila mwaka kwa sindano mbili zinazoachana kwa wiki tatu au zaidi, na farasi huingizwa bandani kabla ya jua kutua. Gharama hii haina hiari.

La tano ni akiba ya dharura. Farasi hawezi kutapika. Msokoto wa tumbo waweza kumfikisha kwenye upasuaji usiku uleule. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pretoria iko Onderstepoort, si mbali nasi, lakini mlango wake haufunguliwi kwa ahadi za simu kutoka ng'ambo.

Nawakumbusha kisa kimoja cha pwani yetu. Mwaka 1571 jemadari Mreno Francisco Barreto alifika Sena, kando ya mto Zambezi, pamoja na farasi wake. Farasi wakaanza kufa. Wareno wakawashutumu Waislamu wa Kiswahili waliokuwa wakifanya biashara pale kwamba wamewatilia sumu, wakawaua kikatili. Leo wanahistoria humtaja mbung'o na ugonjwa anaoueneza. Hasara isiyotazamiwa hutafuta wa kulaumiwa. Ninachokihofia mimi ni siku farasi atakapougua, na jamaa wa Muscat waulize jamaa wa Johannesburg, "Mlimfanya nini?" Ukoo huu ni ghali kuliko farasi yeyote.

Wala nisieleweke kwamba farasi si wa watu kama sisi. Mzee Enos Mafokate alianza kwa kuwatunza farasi wa wengine, akawa mshindani mashuhuri wa kuruka viunzi, na mwaka 2007 akaanzisha kituo cha farasi Soweto ili watoto wa huko wajifunze. Usione vyaelea, vimeundwa.

Swali la mwisho ni la miaka. Baada ya miaka minne binti yetu, Mungu akipenda, ataingia chuo kikuu. Farasi tutakayemnunua akiwa na miaka 10 atakuwa na 14 tu. Nani atamlipia? Na atakapozeeka asiweze kupandwa, ataendelea kula.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kamati ipate bei za maandishi za kila fungu nililolitaja, kutoka mabanda matatu. Pili, kwa miezi 6 tufuge farasi wa karatasi: kila aliyeahidi alete mchango wake wa mwezi kana kwamba farasi yupo bandani. Wakati huo binti aendelee kupanda kwa kuchangia gharama za farasi wa mtu mwingine, kwa siku maalumu za wiki, jambo ambalo wenye farasi wengi hulikubali. Tatu, miezi 6 ikitimia bila pengo, fedha hizo ziwe akiba ya dharura, daktari wa mifugo amkague farasi aliyechaguliwa, ndipo tununue. Pengo likitokea, farasi wa karatasi hatakuwa ameteseka na njaa, na fedha zitarudi kwa wenyewe bila ugomvi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.