HOTUBA YA MWENYEKITI SIKU YA KUTIMIZA MIAKA KUMI: MTOTO AFUNDISHWE KUSHONA, ASIGEUZWE FUNDI WA BURE



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii. Miaka kumi si haba. Tulianza chini ya mwembe tukiwa wachache, na sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa akina mama watatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Habari za hisa, mikopo na marejesho mtazisoma kwenye taarifa ya mweka hazina. Sisi leo tumeomba tuseme jambo moja tu, nalo ni kumfundisha mtoto kushona nyumbani.

Mtauliza, kwa nini jambo hilo kwenye sherehe kama hii? Ni kwa sababu mikopo mingi ya kikundi chetu ilinunua vyerehani. Pita mtaani jioni, utavisikia. Cherehani imenunua madaftari, imeezeka nyumba, imewatoa akina mama kwenye kukopa dukani. Lakini cherehani hiyo hiyo ilituletea aibu, na aibu hiyo tutaisema hapa bila kuificha, maana ilianzia nyumbani kwetu sisi tunaowahutubia.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Sisi tulioanza darasa la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970 tuliikuta Elimu ya Kujitegemea, ile aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na mtoto alitakiwa ajue kazi ya mikono. Wasichana tulisoma sayansikimu. Sindano ulikuja nayo kutoka nyumbani. Miaka ya mwanzo ya 1980 nguo zilikuwa adimu madukani, khanga watu wanaipangia foleni. Shati likichanika lilitiwa kiraka, na kiraka kikichakaa kilitiwa kiraka kingine. Mama aliyejua sindano, watoto wake walikwenda shule wamesitirika.

Siku hizi mitumba imejaa, kifungo kikitoka nguo inatupwa pembeni. Tunao vijana waliomaliza kidato cha nne wasioweza kurudishia kifungo. Tusiwalaumu, jamani. Nani aliwafundisha? Sisi wenyewe tulikuwa tukiwafukuza: “Toka hapo, utaniharibia cherehani ya mkopo!”

Sasa mtoto anafundishwaje? Tutasema tuliyoyaona wenyewe majumbani mwetu.

Mtoto wa miaka saba au minane anaweza kushika sindano. Usianze na cherehani. Mpe sindano nene yenye tundu kubwa, na kipande cha kitambaa kigumu kidogo, kisichoteleza. Mchoree mstari kwa chaki. Uzi usizidi dhiraa moja ya mkono wake, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, kwa sababu uzi mrefu unajisokota na mtoto anakata tamaa bure. Afunge fundo mwenyewe. Aanze na bandi, sindano inaingia na kutoka kwenye mstari. Bandi ikinyooka, ajifunze ule mshono wa kurudi nyuma, ambao haufumuki upesi.

Halafu kifungo. Hapo mtoto anafurahi, maana anaona kazi imekwisha na nguo inavalika. Mwonyeshe asikivute kifungo kikabana kwenye kitambaa. Akiache juu kidogo, azungushe uzi chini yake mara tatu nne kipate shingo, ndipo afunge.

Baada ya kifungo, sisi tunapenda khanga. Doti ya khanga ukiinunua vipande viwili bado vimeungana, na ukishaikata zile ncha za upande mfupi zinachambuka. Mpe mtoto akunge ncha hizo kwa mkono: akunje mara mbili, abonyeze kwa kucha, apige bandi kwanza, kisha ashone taratibu. Na iwe khanga ya kuvaliwa kweli, ya bibi yake au yako wewe mama. Usimpe tambara la kutupa. Mtoto anajua mara moja kama kazi aliyopewa ina maana au ni ya kumpumbaza. Bibi akijifunga khanga ile akaenda nayo msibani au harusini, mtoto atatembea kifua mbele wiki nzima.

Cherehani ifuate baadaye, miguu yake ikifika vizuri kwenye kanyagio. Hapa kuna siri ndogo. Siku za kwanza toa sindano kabisa, akanyage tu, mpaka gurudumu lizunguke upande mmoja bila kurudi kinyume, maana likirudi kinyume uzi unakatika. Kisha rudisha sindano bila uzi, mpe karatasi ya daftari lililokwisha, atoboe juu ya mistari. Karatasi itakuonyesha mkono wake ulipoyumba. Mistari ikimnyookea, ndipo utie uzi na kitambaa. Na vidole vikae mbali na sindano, hilo usichoke kulirudia.

Sindano zihesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi. Mna watoto watambaao ndani. Zichomekwe kwenye kijifuko kilichojazwa sufi, zisichomekwe kwenye godoro wala kwenye nguo uliyovaa. Wembe wa kufumulia ushike wewe mama.

Akikosea, msifumue kwa hasira mbele yake. Kaeni mwangalie pamoja palipopinda, mwulize yeye aone. Mkono uliopigwa kwa ajili ya mshono hautulii tena.

Na watoto wa kiume nao wafundishwe. Nendeni mjini mwangalie barazani: mafundi cherehani wengi ni wanaume, wanalisha familia. Mbona nyumbani tunasema sindano ni ya msichana?

Sasa ile aibu. Binti yetu tulimfundisha hivyo hivyo, akawa hodari kuliko sisi. Mwaka ule alikuwa darasa la saba. Ikaja oda ya sare za harusi, nguo nyingi na siku chache, na sisi tulikuwa na rejesho la kikundi mbele yetu. Tukamwita: “Mwanangu, nisaidie vifungo tu.” Vifungo vikawa pindo. Pindo zikawa mikono ya magauni. Akitoka shule anakaa kwenye cherehani mpaka usiku, na mtihani ulikuwa umekaribia. Tulimsifu mbele ya wateja, tukadhani kusifu ni malipo. Mwalimu akatuita, akatuambia mtoto analala darasani, kichwa mezani. Tulimjibu vibaya mwalimu yule. Tukasema yeye hajui shida ya mikopo.

Harusi ilipita, rejesho tukalipa kwa wakati, kikundi kikatupigia makofi. Binti yetu matokeo yake hayakuwa yale aliyoyatarajia. Siku hiyo hakulia. Alisema neno moja tu: “Mama, mimi sitashona tena.” Akaifunika cherehani kwa khanga, na kwa miaka miwili hakuigusa hata kurudishia kifungo chake mwenyewe.

Tulipolileta jambo hili kikaoni, tulidhani tutachekwa. Kumbe mama wa pili akasimama, na wa tatu. Kila Desemba na Januari, zikija oda za sare za shule, watoto wetu ndio walikuwa mafundi wa usiku. Tunawashonea watoto wa wenzetu sare za kwendea shule, na wa kwetu wanakwenda wakiwa na usingizi. Mama mmoja akasema anaona aibu hata kuitaja pesa ile. Tulikaa kimya kikaoni kwa muda mrefu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi inayodhuru afya yake, elimu yake au makuzi yake. Hatukuijua sheria hiyo. Lakini uchovu machoni mwa mtoto tuliuona kila siku, na kuuona hakukuhitaji sheria.

Basi tukakubaliana mambo matatu, na mpaka leo yameandikwa kwenye daftari la kikundi. La kwanza, mtoto atashona baada ya masomo yake, na giza likiingia sindano inawekwa. La pili, oda ya mteja ni ya mama, mtoto haigusi. Anachoshona mtoto ni cha nyumbani au chake, na akiuza kitambaa chake cha meza, pesa ni yake. La tatu, mwanachama akielemewa na rejesho aseme mapema kikaoni, asilihamishie mgongoni kwa mwanawe. Hilo la tatu ndilo zito, maana linatuhusu sisi wote tunaokaa kuzunguka sanduku. Tukiwa wakali mno kwa mwenzetu, ukali ule unaishia kwa mtoto.

Mtataka kujua habari za binti yetu. Mwaka jana tulikuwa tunamfundisha mdogo wake wa kiume kukanyaga, gurudumu linarudi kinyume, uzi unakatika, na sisi tumeanza kupandisha sauti. Binti akatoka jikoni, akamwambia mdogo wake, “Sogea.” Akakaa, akakanyaga mara mbili tatu, akamwonyesha jinsi ya kulianzisha gurudumu kwa mkono kabla ya mguu. Kisha akarudi jikoni kwenye ugali wake. Hatukumwambia neno. Tuliogopa kuharibu. Kazi anayotaka kuifanya maishani ataichagua mwenyewe.

Ndugu zangu, samaki mkunje angali mbichi, lakini ukimkunja kwa pupa anavunjika. Tuwape watoto wetu sindano, na tuwaachie usingizi wao na kitabu chao.

Tunawashukuru wote mliotufikisha miaka kumi: wanachama, majirani, walimu, na hasa yule mwalimu tuliyemjibu vibaya. Mwalimu, tuko mbele ya watu, tunakuomba radhi.