Siku ya Watoto Mashahidi: Hotuba ya Kamati ya Jumuiya, 28 Desemba



Wengine wametuuliza: kambini tutasherehekeaje sikukuu, hali mgao ni mahindi na maharage tu? Tunajibu kwamba sikukuu ya leo haikuanza kwa karamu. Ilianza kwa kilio.

Mtakatifu Mathayo anasimulia katika sura ya 2 kwamba Yosefu alionywa katika ndoto. Usiku ule ule akamchukua mtoto na mama yake, wakakimbilia Misri. Nyuma yao mfalme Herode akaamuru wauawe watoto wote wa kiume wa Betlehemu, wenye umri wa miaka 2 kurudi chini. Hao ndio Watoto Mashahidi.

Kumbukumbu yao ni ya zamani, tena ina mizizi katika bara letu: kalenda ya Kanisa la Karthago, katika Tunisia ya leo, iliitaja mwanzoni mwa karne ya 6. Wakatoliki na Waanglikana huiadhimisha tarehe 28 Desemba, Waorthodoksi tarehe 29. Hadi mwaka 1960 mapadri Wakatoliki walivaa zambarau siku hii, rangi ya majonzi; baadaye nyekundu, rangi ya mashahidi. Huko Uingereza ya kale makanisa makubwa yalimteua mtoto avae mavazi ya askofu mpaka siku hii, desturi ambayo mfalme Henry VIII aliipiga marufuku mwaka 1541. Nao Wakopti wa Misri hushangilia tarehe 1 Juni kwamba nchi yao ilimpokea Yesu mkimbizi.

Ndugu, nasi tulipita njia hiyo. Wako watoto tuliowazika njiani bila jeneza wala msalaba. Kwa hiyo tunaomba kila kijiji kilete majina yao, yasomwe leo jioni. Tunajua wapo wasiotaka majina ya upande wa pili yasomwe pamoja na ya kwao. Tunawaambia wazi: yatasomwa yote katika orodha moja, kwa kufuata umri, bila kutaja kabila. Mtoto wa miaka 2 hana vita na mtu.

Kisha watoto watakula kwanza. Sisi wazee tutangoja.

Tunawashukuru wenyeji waliotupokea. Mungu atujalie amani, na safari ya kurudi, kama Yosefu alivyorudi Herode alipokwisha kufa.