Mama Asiachwe Peke Yake Saa ya Uchungu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nakuusieni, nami naiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Katika Sura ya Maryam twaelezwa jinsi uchungu ulivyompeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende, hali yu peke yake, hata akatamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Mola wake hakumkemea. Alimpelekea sauti ya kumliwaza asihuzunike, akamjaalia maji ya kunywa na tende za kula. Ikiwa mja mwema yule alihitaji hayo, je, mke wako?

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili. Mja mzito hakuzaa pweke. Mama yake, somo wake na mkunga walikuwa kando yake, kisha akakandwa kwa maji ya moto na kutunzwa hata arobaini. Lakini wengi wetu tunaoishi Mbagala, Tandika au Tandale, mama zetu tumewaacha Rufiji, Kilwa na Mafia. Mke hushikwa na uchungu usiku katika chumba cha kupanga, mume yuko kazini, na hakuna aliyeandaliwa kumsindikiza.

Elimu nayo imeshuhudia. Mwaka 1980 madaktari walichapisha uchunguzi uliofanywa Guatemala: wanawake waliokaa na mwenzao wa kuwaliwaza walijifungua upesi kuliko walioachwa peke yao. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mzazi awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe.

Lakini msindikizaji si mkunga. Kazi yake ni kumshika mkono, kumpangusa jasho, kumsugua kiuno, kumpa maji, kumwombea dua na kumwita muuguzi. Asimpe dawa za miti za kuharakisha uchungu, wala asimcheleweshe kwenda hospitali.

Wako wasemao: afaye kwa uzazi ni shahidi. Ni kweli, Mtume (S.A.W.) ametubashiria. Lakini bishara hiyo ni faraja kwa waliofikwa na msiba, si ruhusa ya uzembe. Afaye maji naye ni shahidi. Je, utamwona mwenzio akizama, nawe ukae ufukoni ukitazama?

Basi, enyi waume, muulizeni mke mapema ni nani amtakaye awe naye. Mtu huyo afuatane naye kliniki, na waulize hospitali waliyoichagua, iwe Temeke, Mwananyamala au nyingineyo, utaratibu wa wasindikizaji ukoje. Wekeni nauli ya usiku. Na akitokwa na damu, akiumwa kichwa kwa ukali, akishikwa na degedege, au mtoto akiacha kucheza tumboni, msingoje uchungu wala ruhusa ya mtu. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Nanyi majirani, mke wa jirani ni amana kwenu.

Ewe Mola, wasahilishie waja wazito wetu, walinde wao na watoto wao, na utujaalie tuwe wenye huruma kwao. Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Amin.