Ujumbe, Muhuri na Mahali: Istilahi ya "Uthibitishaji" katika Mawimbi ya Setilaiti

Mwezi Juni 2017, manahodha waliokuwa Bahari Nyeusi, karibu na bandari ya Novorossiysk nchini Urusi, waliona vipokezi vyao vikionyesha kwamba meli zipo nchi kavu, kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Dalili zote zilielekea kwenye mawimbi ya bandia.

Kuliita tukio hilo "kuingilia mawimbi" hakutoshi. Anayeziba mawimbi humnyima nahodha habari, naye nahodha hujua kuwa amenyimwa. Anayeyaghushi humpa habari kamili, ila ya uongo. Kitenzi "kughushi", kilichozoeleka mahakamani kwa hati na sahihi, kinabeba tofauti hiyo barabara.

Kinga iliyobuniwa kwa Galileo, mfumo wa setilaiti wa Ulaya, ambayo huduma yake ilitangazwa rasmi mwaka 2025, ni namna ya muhuri. Setilaiti hutuma ujumbe wa urambazaji pamoja na muhuri uliokokotolewa kwa ufunguo wa siri. Ufunguo wenyewe hutangazwa hadharani baadaye, kwa kawaida baada ya sekunde 30 hivi. (Ajabu ya siri hii ni kwamba haihitaji kudumu.) Kipokezi huhifadhi ujumbe, hungoja, kisha hupima. Mghushi anapoupata ufunguo, wakati wa kuutumia umekwisha kupita. Kila ufunguo nao hupimwa kwa uliotangulia, hadi ule wa msingi, uliotiwa sahihi ya kidijitali. Sharti ni kwamba kipokezi kiwe na saa ya kuaminika kiasi. Vinginevyo kitapokea muhuri uliotengenezwa kwa ufunguo uliokwisha kutangazwa.

Wanaisimu watakumbuka kwamba "thibitisha" ni kitenzi kinachodai yambwa. Kinathibitishwa nini hapa? Ni ujumbe: kwamba umetoka kwa mwenyewe na haukubadilishwa njiani. Mahali pa meli hupatikana kwa hesabu nyingine, yaani kwa kupima muda ambao wimbi limetumia safarini. Mtu akinasa mawimbi halisi na kuyarusha upya yakiwa yamechelewa kidogo, muhuri huweza kubaki sahihi na mahali pakawa pa uongo. Mfasiri wa mwongozo wa kipokezi akiandika "mahali pamethibitishwa" badala ya "ujumbe umethibitishwa", nahodha atadhani kuwa chombo chake kimehakikiwa mahali kilipo, ilhali kilichopimwa ni maneno ya setilaiti tu.