Kurusha, Kushua na Kuzindua: Asili ya Neno "Launch" na Tafsiri Yake katika Kiswahili

Mada ya mhadhara huu ni neno moja la Kiingereza, "launch", litumikalo roketi inapoondoka ardhini kwenda angani. Neno hili huwasumbua wafasiri, kwani Kiingereza hulitumia pia kwa meli, kwa kitabu na hata kwa kampeni. Swali la msingi ni hili: je, Kiswahili nacho kitumie neno moja?

Jibu laanzia katika etimolojia. Asili ya mbali ya "launch" ni neno la Kilatini "lancea", yaani mkuki. Kutokana na nomino hiyo, Kifaransa cha kale kiliunda kitenzi chenye maana ya kutupa mkuki, na lahaja ya Kinormani ndiyo iliyoipatia Uingereza umbo hilo katika Zama za Kati. Baadaye kitenzi kilihamia kwenye meli inayosukumwa kutoka nchi kavu hadi majini, na katika karne ya 20 kikapewa roketi. Kiini cha maana hakikubadilika: kitu husukumwa kwa nguvu kikamwacha akisukumaye. Kama kinapanda au kinashuka, kitenzi hakisemi.

Vitenzi vya Kiswahili, kinyume chake, husema. Kushua chombo ni kukiteremsha majini. "Shua" ni jirani wa "shuka" na "shusha". "Rusha" ni utendeshaji wa "ruka", kama "washa" ilivyo kwa "waka". Kwa hiyo ndani yake mna kupaa. "Fyatua" huashiria kuachiliwa ghafla kwa kitu kilichotegwa, ndiyo maana hufaa kombora. "Zindua" ni kumwamsha aliyelala au aliyezimia. Leo kitabu au mradi huzinduliwa mbele ya umma.

Yafaa kuzingatia kwamba "chombo", neno la mabaharia, limekwea hadi angani katika istilahi "chombo cha anga", ilhali "shua" imebaki ufukweni. Hakuna awezaye kukiteremsha chombo kwenda juu.

Pwani ya Kenya yatoa mfano. Kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi zilirushwa kutoka majukwaa ya San Marco, yaliyosimikwa baharini karibu na Malindi chini ya mradi wa Italia. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei kutoka angani ilirushwa hapo, ikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka 7 ya uhuru wake. Katika bahari ile ile, mashua hushuliwa, setilaiti ilirushwa.

Tofauti hii si pambo la lugha tu. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023, baada ya safari yake kuahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Msomaji anayeambiwa kwamba setilaiti "imezinduliwa" hawezi kujua kama imekwisha ondoka duniani au imetangazwa tu katika hafla. Akiambiwa "imerushwa", hana shaka.

Hivyo basi, mfasiri asitafute kisawe kimoja cha "launch". Na aulize kwanza ni tendo gani lililotendeka: kuteremsha, kupaisha, kufyatua au kufungulia umma. Akishalijua tendo, Kiswahili kitampa kitenzi chake.