Utafiti Una Milango Mingi

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu mliotulea, ndugu zangu wanafunzi wa zamani, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa sisi wazee tumevikalia viti vyenu vyote:

Kwanza kabisa natoa shukrani zangu kwa kualikwa kusema machache kabla ya chakula. Najua hatari ya kusimama kati ya mtu na pilau yake. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Nimeombwa nizungumzie utafiti, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonilisha hadi nilipostaafu. Lakini sina budi kusema wazi kwamba nina jambo langu pia. Alasiri ya leo, katika ajenda ya nne, tutaamua matumizi ya fedha tulizochanga. Pendekezo la Kamati ni kwamba zote, hadi senti ya mwisho, ziende kwenye maabara mpya. Mimi ni mtu wa maabara. Nimepima udongo maisha yangu yote. Wengi wenu mnatarajia nitaunga mkono pendekezo hilo bila swali. Naomba mnisikilize kwanza.

Mnakumbuka jinsi tulivyoishi hapa. Sisi wa mchepuo wa sayansi tulijiona ndio wanafunzi, na wenzetu wa historia na lugha tuliwaita "watoto wa hadithi". Jirani yangu wa kitanda cha juu, ambaye yumo humu ndani na ananitazama sasa hivi, alikuwa mmoja wao. Jioni alikuwa akienda kuketi na mpishi wetu mzee, akimwuliza majina ya vilima na mito ya kwao na kuyaandika katika daftari. Nilimcheka. Nilimwambia kwamba majina ya vilima hayapimwi, na kisichopimwa si elimu. Maneno hayo niliyasema nikiwa kijana wa miaka kumi na saba. Ubaya ni kwamba niliendelea kuyaamini hadi nilipofika miaka arobaini na kitu.

Ndugu Mwenyekiti, hebu tuutazame utafiti wenyewe, tuone kama kweli una mlango mmoja tu.

Nianze na sayansi, ili nisionekane nimeikana. Mwaka 1963, kijana wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kawaida yao ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia ndani ya friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa chache, naye akaona akisubiri atakosa pa kuweka. Akayaingiza yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, yake yalikuwa yamekwisha kuganda, na ya mwenzake aliyeyatia bila kuyachemsha yalikuwa bado. Aliuliza darasani, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena, akachekwa tena. Siku moja alifika shuleni Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara. Mpemba akasimama mbele ya wenzake waliokuwa wakimzomea, akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, kwa nini cha nyuzi 100 huganda kwanza?

Osborne hakujua jibu. Lakini hakucheka. Aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio hilo. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, ila asiwe na wasiwasi, watarudia mpaka wapate matokeo yaliyo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao, na hadi leo wanafizikia duniani huliita jambo hilo kwa jina la kijana huyo. Wala mjadala haujakwisha: mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walitoa matokeo yanayotia shaka kama jambo lenyewe lipo. Huo ndio mlango wa maabara. Shahidi wake ni jaribio, na sharti lake ni kwamba mtu mwingine mahali pengine aweze kulirudia, hata kama ni kwa kukupinga.

Sasa twende penye mlango wa pili. Kuna mambo yasiyoweza kurudiwa. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 huwezi kuvirudia ndani ya chupa. Kwa miaka mingi habari zake zilisomwa hasa katika karatasi za Wajerumani, yaani maandishi ya upande mmoja wa vita. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na walimu wao, akiwamo Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini kuwauliza wazee. Waliandika habari za mashamba ya pamba ya kulazimishwa, za dawa ya maji, na za jinsi ujumbe ulivyosafiri kutoka kabila hadi kabila.

Naomba vijana mfanye hesabu ndogo hapo mlipo. Aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza, alikuwa na umri gani mwaka 1968? Miaka 78. Wangechelewa miaka kumi na mitano tu, wangewauliza makaburi. Maji huganda leo, yataganda na kesho. Shahidi wa mwanahistoria hufa, wala haachi nakala yake isipokuwa ile uliyoiandika.

Mtu atasema, basi sawa, kila mmoja abaki mlangoni kwake. La hasha. Milango hiyo inafungukia ua mmoja. Huko Laetoli, Ngorongoro, mwaka 1978, kundi la Mary Leakey lilipata nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3.5 iliyopita. Umri huo haukusomwa katika nyayo zenyewe. Nyayo zilikanyagwa katika majivu ya volkeno, na ndani ya majivu hayo mna potasiamu ambayo sehemu yake hugeuka polepole mno kuwa gesi ya agoni. Mwenye vipimo alihesabu agoni, mjuzi wa miamba akaeleza jinsi majivu yalivyotandazwa, mjuzi wa mifupa na miguu akaeleza mwendo. Hakuna mmoja kati yao ambaye angeweza kuisimulia habari ile peke yake.

Au chukua ugonjwa. Mwaka 1952 hadi 1953, katika uwanda wa Makonde upande wa Newala, watu walishikwa na homa yenye maumivu makali ya viungo. Madaktari walichukua damu, wakakamata mbu, wakavipata virusi vilivyousababisha. Kazi nzuri ya maabara. Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kutambuliwa na kupewa jina na wale waliougua, kwa lugha yao ya Kimakonde: chikungunya, kwa maana ya kile kinachomkunja mtu. Daktari yeyote leo, awe India au Brazili, akilitamka jina hilo anatamka uchunguzi uliofanywa na wagonjwa wa Makonde kabla ya darubini kufika.

Na lugha nayo ina watafiti wake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981 ni kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Huko neno linasakwa, linaulizwa maana zake, linalinganishwa na linavyotumika kwa wenyewe, kama sisi tunavyolinganisha sampuli. Mwaka 1990 Taasisi hiyo ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Basi yule "mtoto wa hadithi" tuliyemcheka bwenini ndiye aliyetupa sisi watu wa sayansi maneno ya kusemea.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nifike mahali ambapo ulimi wangu huwa mzito.

Mwaka 1996 nilitumwa kupima udongo katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Palikuwa na bonde pana lisilolimwa, na wanakijiji walikuwa wakihangaika na mashamba ya mlimani yaliyochoka. Nilichimba mashimo, nikachukua sampuli, nikazipeleka maabara. Matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Nikaandika kwamba bonde lilimwe mahindi na maharage. Siku niliyokwenda kuwasomea taarifa, bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, jina la hapa umeliuliza?"

Nikamjibu kwa heshima, "Shikamoo bibi. Udongo hauna jina, una vipimo." Watu wakacheka. Bibi hakucheka, akajifunga kanga yake, akaondoka.

Walilima bonde. Mvua kubwa za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 1997 zilipofika, mto ulirudi katika njia yake ya zamani, na njia hiyo ilikuwa katikati ya mashamba niliyoyapendekeza. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini mbegu zilikwenda, na kuna watoto ambao mwaka ule hawakurudi shule kwa kukosa ada. Nilikwenda kuona. Yule bibi alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa, hakunilaumu kwa neno hata moja. Ningependa angenilaumu.

Nilimwandikia barua jirani yangu wa kitanda cha juu. Nilikuwa sijamwandikia kwa miaka mingi. Akanijibu kwamba jina la bonde lile analo katika madaftari yake tangu mwaka 1974, na maana yake ni "mahali maji yanaporudi". Chini yake akaongeza: "Ungeniuliza, ungelipata kwa bei ya stempu."

Vipimo vyangu havikuwa na kosa. Udongo ule ulikuwa mzuri kweli, na ulikuwa mzuri kwa sababu mto ndio uliouleta. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba swali langu ndilo swali pekee. Nilipima miezi mitatu ya bonde, na ndani ya neno moja walikuwa wameweka kumbukumbu ya mafuriko ya vizazi. Jina lile lilikuwa ni data, ndugu zangu, tena ya miaka mingi kuliko yangu. Mimi nililiona kuwa hadithi.

Tangu hapo sikuwahi kuingia kijijini bila kuuliza majina. Na si kwamba kila kinachosemwa na wazee ni kweli. Hapana. Mzee naye husahau, huongeza chumvi, huficha aibu ya ukoo. Ndiyo maana mwanahistoria makini huwauliza wengi na kulinganisha, kama mimi ninavyochimba mashimo mengi badala ya moja. Kila mlango una sheria zake za kumkamata mwongo. Tunatofautiana katika mashahidi tunaowaita. Tunapaswa kufanana katika kuwahoji bila upendeleo, na katika ujasiri wa kusema "sijui" kama Osborne alivyosema pale Mkwawa.

Sasa nirudi kwenye ajenda ya nne. Maabara ijengwe. Vijana hawa wanajifunza kemia kwa kuchorewa mirija ubaoni, na hilo ni aibu yetu. Lakini naomba sehemu moja katika kumi ya fedha hizo itengwe kwa mambo mawili. Kwanza, kabati la vitabu na madaftari lenye kufuli, katika maktaba. Pili, vinasa sauti vichache, ili kila likizo wanafunzi wa kidato cha tatu wapewe kazi ya kumhoji mzee mmoja wa kwao: majina ya mahali, miaka ya njaa na ya mafuriko, dawa, nyimbo, jinsi mbegu zilivyochaguliwa. Wa mchepuo wa sayansi wafanye, na wa sanaa wafanye. Kisha waandike, wasome mbele ya wenzao, na wapingwe.

Jirani yangu wa kitanda cha juu ameniambia asubuhi ya leo kwamba yuko tayari kuleta madaftari yake yote, kumi na tisa, yawe ya kwanza kuwekwa katika kabati hilo. La kwanza kabisa ni lile aliloandika jikoni kwa mpishi wetu. Mpishi yule amekwisha tangulia mbele ya haki, na katika sisi sote tuliokula ugali wake miaka minne, ni mtu mmoja tu aliyemwuliza alitoka wapi.

Ajenda ya nne ikifika, Ndugu Mwenyekiti, nitanyoosha mkono. Naomba nisiwe peke yangu.