Meza Ndani ya Kanisa

Katika mji wa New York, Marekani, liko kanisa la Mitume Watakatifu, la ndugu zetu Waanglikana ambao huko huitwa Waepiskopali. Mwaka 1982 walianza kuwapikia wenye njaa. Mwaka 1990 moto uliunguza paa, lakini wageni wao hawakukosa mlo. Kanisa lilipokwisha kutengenezwa, mabenchi hayakurudishwa. Wakaandika meza pale pale wanaposali.

Sisi je? Tangazo la karamu likisomwa twafurahi. Likisomwa la kuosha sufuria, twatazama viatu vyetu. Wale saba wa Matendo 6 walichaguliwa kwa kazi ya mezani, nao walikuwa wamejaa Roho.

Jumapili karatasi ya majina itapitishwa. Tuanze na wa kuni na maji, waimbaji tunao.